Amua Kabla ya Filimbi
Somo la afya kwa usiku wa mechi kubwa nyumbani

Somo la leo halihitaji maabara. Linahitaji runinga moja, chumba kimoja, na washkaji wanne au watano waliobanana juu ya godoro na ndoo zilizogeuzwa viti. Tunazungumzia mechi kubwa, ile inayosubiriwa wiki nzima, unayoiangalia nyumbani pamoja na wenzako mnaoishi nao.

Wanafunzi wengi wa sekondari hawaishi kwa wazazi. Shule iko mbali na kijiji, basi mnapanga chumba karibu na shule, mnagawana kodi na kupika kwa zamu. Wengine mko hosteli. Wengine mnaishi kwa kaka au kwa shangazi pamoja na mabinamu kibao. Siku ya mechi, mara nyingi hapana mtu mzima wa kusema, "Zimeni, kalaleni." Mtu mzima ni ninyi wenyewe.

Uhuru huo ni mtamu, na gazeti hili halikuja kukuzimia runinga. Kuangalia mpira na wenzako kuna faida kwa afya: mnacheka, mnapumzika na masomo, mnazidi kujuana. Tunataka ujue jambo moja tu. Mechi kubwa ikianza, mwili wako nao unaingia uwanjani, na mwili ulio uwanjani hauamui mambo vizuri. Kwa hiyo maamuzi ya usiku ule, yaani fedha, vinywaji, usingizi na nani anarudi vipi kwake, yafanyeni mchana, damu ikiwa imepoa.

MWILI UNACHEZA WAKATI WEWE UMEKAA

Chukua mfano wa Jumapili, Desemba 18, 2022. Ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia huko Lusail, Qatar, kati ya Argentina na Ufaransa. Saa za Qatar ni sawa na za kwetu Afrika Mashariki, kwa hiyo mpira ulianza saa 12 jioni kule na huku. Hadi dakika ya 79 Argentina walikuwa mbele 2-0 na mechi ilionekana imekwisha. Dakika ya 80 Kylian Mbappé akafunga penalti. Sekunde 97 baadaye akafunga tena. Ngoma droo! Katika muda wa nyongeza Lionel Messi akafunga, Mbappé akasawazisha kwa penalti nyingine, ikawa 3-3. Mwishowe Argentina wakashinda kwa penalti 4-2.

Sasa jiulize: katika zile sekunde 97, mtu aliyekaa kwenye ndoo Mbeya au Mombasa alikuwa anafanya nini? Ukimtazama kwa nje, utasema hafanyi kitu. Ndani yake mambo ni mengi. Ubongo ukiona hatari au bahati kubwa, unatuma taarifa kwenye tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Tezi hizo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unaongeza kasi, presha inapanda, viganja vinatoa jasho, mdomo unakauka, tumbo linasokota. Ndiyo maana kuna watu hukimbilia chooni wakati wa penalti! Ni maandalizi yaleyale ambayo mwili hufanya ukikutana na mbwa mkali njiani. Ukikutana na mbwa unatimua mbio, na adrenalini inapata kazi. Mbele ya runinga hukimbii popote. Nguvu ile inabaki ndani, inatafuta pa kutokea.

Jambo hili limepimwa. Watafiti walichukua mate ya mashabiki wa Hispania walioangalia fainali ya Kombe la Dunia ya 2010, Hispania ilipocheza na Uholanzi. Homoni mbili, testosteroni na kotisoli, zilipanda wakati wa mechi, ingawa hakuna shabiki hata mmoja aliyegusa mpira. Nako Ujerumani, mwaka 2006, madaktari wa Munich na maeneo ya jirani walihesabu dharura za moyo wakati wa Kombe la Dunia. Siku timu ya Ujerumani ilipocheza, dharura hizo zilikuwa mara 2.66 ya siku za kawaida. Waliokuwa hatarini zaidi ni watu ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo.

Wewe ni kijana na moyo wako huenda ni mzima, kwa hiyo usiogope. Ila mjuane. Mwenzenu ana pumu? Kelele, moshi na msisimko vinaweza kumbana kifua, basi dawa yake ya kuvuta iwe karibu, na wote mjue ilipo. Mwenzenu ana kifafa? Kukosa usingizi kunaweza kumletea degedege. Mwenzenu ana selimundu? Ajifunike vizuri na anywe maji ya kutosha. Hayo si mambo ya kuoneana aibu. Ni mambo ya kuishi pamoja.

Jaribu hili: Kabla ya mechi, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 2. Mtu aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Hesabu tena mara tu baada ya goli au penalti. Andika tofauti. Umeshafanya somo la baiolojia ukiwa geto.

BREKI ZA UBONGO

Kuna sehemu ya ubongo, mbele kabisa nyuma ya paji la uso, inayofanya kazi ya breki. Ndiyo inayosema, "Ngoja kwanza." Sehemu hiyo huendelea kukomaa hadi mtu anapovuka miaka 20 na kitu. Sehemu za hisia na raha hukomaa mapema zaidi. Basi ukiwa na miaka 16, injini yako ni kubwa na breki bado zinafungwa.

Sasa ongeza wenzako. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio la mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi walipokuwa na wenzao kuliko walipocheza peke yao. Watu wa miaka 24 na zaidi hawakubadilika sana, wawe peke yao au na wenzao.

Unaona picha? Usiku wa mechi una kila kitu kwa pamoja: adrenalini, breki ambazo bado hazijakaza, na kundi linalopiga kelele. Mtu mwenye akili zake darasani anaweza kufanya jambo saa 4 usiku ambalo asubuhi halielewi. Huo si ujinga. Ni mwili. Na ukishaujua mwili wako, unaweza kuupangia.

MKEKA NA FEDHA YA KODI

Tuseme mko wanne. Kodi ya chumba mnachanga, na mmoja wenu ndiye anayeitunza kwenye simu yake. Mechi imeanza, timu yake imefungwa goli la mapema. Simu iko mkononi, odi zimepanda, na jamaa anajiambia, "Nikiweka sasa hivi, wakirudisha tu, nimewatoa masela wote." Anachezea kodi ya watu wanne. Hakuamka asubuhi akiwa mwizi. Ameamua jambo la mchana wakati wa usiku.

Kwanza, sheria za Tanzania na Kenya zinakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, na kubeti ni kamari. Kutumia namba ya kaka hakubadilishi umri wako. Pili, chukua kalamu tupige hesabu.

Tuseme unaweka mkeka wa mechi tano, na kila mechi nafasi yako ni nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Malipo ya haki yangekuwa odi 2.00. Kampuni inakupa 1.90, na hapo ndipo inapokula. Nafasi ya kupatia mechi zote tano ni 1 kati ya 32. Odi ya mkeka mzima ni 1.90 × 1.90 × 1.90 × 1.90 × 1.90, yaani karibu 24.76. Sasa weka shilingi 1,000 mara 32. Umetoa 32,000. Kwa wastani utapatia mara moja na kupata kama 24,760. Zaidi ya shilingi 7,200 zimekwenda, na hapo hatujagusa kodi ya serikali. Kadiri unavyozidi kucheza, ndivyo hesabu hii inavyozidi kukukaribia.

"Lakini mimi najua mpira!" Sawa. Rudi kwenye ile fainali ya 2022. Mtu aliyebeti kwamba Argentina ingeshinda ndani ya dakika 90 alipoteza fedha yake, kwa sababu dakika 90 ziliisha 2-2. Alijua mpira, aliipatia timu iliyobeba kombe, na bado akaliwa. Mshkaji aliyeshinda anasikika mtaa mzima. Walioliwa hawatangazi.

Dalili kwamba kubeti kumeshakushika ni hizi: unaweka tena ili urudishe ulichopoteza, unadanganya kuhusu fedha, umekopa, au umegusa ada, nauli au fedha ya chakula, siku usipobeti unakuwa mkali, na mechi yenyewe huioni tena, unaona odi tu. Ukijiona kwenye mbili au tatu kati ya hizo, mwambie mtu mzima unayemwamini au mwalimu wa malezi, mapema. Deni la 10,000 linasemeka. La 300,000 linafichwa, na mengi mabaya huanzia kwenye kuficha.

La kufanya kabla ya filimbi: fedha ya kodi ilipwe au ikabidhiwe kwa mtu mzima kabla ya siku ya mechi. Ya kulipia king'amuzi ichangwe wazi, kila mtu aone, na isitoke kwenye ya unga. Asiye nacho asifukuzwe mlangoni. Aoshe vyombo.

KINYWAJI KINAPOZUNGUKA

Mara nyingi hakuna anayekulazimisha. Goli limefungwa, chupa inazungushwa, kila mtu anapiga funda, na zamu yako imefika. Kusema "sinywi" mbele ya watu watano wanaoruka ni kazi ngumu. Kusema saa 9 mchana, "Jamani, mimi leo ni soda," ni rahisi. Basi seme mchana. Usiku utakuwa unakumbusha tu.

Tanzania na Kenya, sheria inakataza kumuuzia pombe mtu wa chini ya miaka 18. Sababu ni ileile tuliyoieleza: pombe huanza kwa kulegeza breki, na breki zako bado zinajengwa. Pombe za kienyeji kali zisizopimwa, kama gongo, zina hatari ya ziada. Zinaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Na wale wanaochanganya pombe na vinywaji vya kuongeza nguvu wajue kwamba kafeini haiondoi ulevi. Inauficha. Mtu anajiona yuko fiti, anaendelea kunywa.

Je, mwenzenu amezidisha? Msimwache "alale zitoke". Mlazeni ubavu, mdomo ukielekea chini ili akitapika yasimrudie kooni, na mtu mmoja abaki naye. Msimpe kahawa, msimmwagie maji baridi, msimtapishe kwa vidole. Mkiona haamki hata mkimtikisa, anapumua polepole au kwa kukatakata, ngozi imekuwa baridi, midomo imebadilika rangi, au anapata degedege, huyo ni wa hospitali, sasa hivi. Hofu ya kugombezwa isimuue mwenzenu.

JIKO, JENERETA NA WAYA

Mvua inanyesha, mmefunga dirisha ili mwenye nyumba asisikie kelele, na jiko la mkaa mmeliingiza ndani liivishe maharage huku mnaangalia. Simama hapo! Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, mnadhani ni uchovu, mnalala, na wengine hawaamki. Jenereta nalo ni hivyohivyo. Jiko na jenereta vikae nje, mbali na mlango na dirisha. Mkiumwa kichwa wote kwa pamoja, tokeni nje haraka mkapate hewa, kisha mwende kituo cha afya.

Tena, waya mmoja wa kuunganishia umeme usibebe runinga, spika, birika na pasi kwa mpigo. Ukishika waya ukaona una joto, chomoa.

FILIMBI YA MWISHO

Hatari kubwa haishi mpira unapokwisha. Mara nyingi ndiyo inaanza. Yule aliyeshinda bado anawaka, yule aliyeshindwa bado anawaka, na wote wanalala chumba kimoja.

Utani wa watani wa jadi ni raha yetu. Novemba 5, 2023 Yanga waliifunga Simba 5-1, na hadi leo shabiki wa Simba akinyanyua vidole vitano anaulizwa anahesabu nini. Lakini wa Msimbazi nao wana yao: Mei 6, 2012 waliifunga Yanga 5-0. Mpira unazunguka. Utani mzuri ni ule ambao aliyefungwa naye anacheka. Ukigusa mama yake, kabila lake, umaskini wao au mwili wake, huo si utani tena, ni kutafuta ngumi.

Watafiti wa Uingereza waliangalia rekodi za polisi wa Lancashire katika Kombe la Dunia la 2002, la 2006 na la 2010. Siku timu ya England ilipofungwa, taarifa za ukatili wa majumbani zilikuwa zaidi kwa asilimia 38. Iliposhinda au kutoka sare, zilikuwa zaidi kwa asilimia 26. Soma tena hapo: hata iliposhinda! Ndiyo kusema goli la mpinzani si sababu ya kumpiga mtu. Anayepiga ana tabia ya kupiga, na mpira, pombe na makelele vinaifungulia mlango.

Dawa yake ni rahisi. Baada ya filimbi, dakika 15 za kwanza hakuna kujadili refa wala kudaiana. Tokeni nje, tembeeni, nyoosheni miguu, mnywe maji. Mwili unataka kukimbia, basi upeni nafasi. Mkirudi ndani, mapigo yameshuka na hata yule refa ataonekana binadamu.

KWA DADA ZETU, NA KAKA MSOME PIA

Mpira ni wa wote. Kama chumba cha wavulana na cha wasichana viko kwenye nyumba moja na mnaangalia pamoja, hakuna sheria inayosema wasichana wapike ugali kipindi cha kwanza na kuosha sahani kipindi cha pili. Kazi zigawanywe kwa majina kabla mpira haujaanza.

Jambo jingine tuliseme wazi. Msichana aliyekuja kuangalia mpira amekuja kuangalia mpira. Kukaa naye godoro moja, kumnunulia soda, au kurukiana kwa furaha goli linapoingia si ruhusa ya kitu kingine chochote. Ruhusa hutamkwa. Mtu aliyelewa au aliyelala hawezi kuitoa. Kaka, ukimwona mwenzako anamsogelea msichana aliyelegea, usicheke wala usigeuze uso kwenye runinga. Mwite kwa jina, mtoe nje. Huo ndio ushkaji.

Dada, panga kurudi kwako kabla hujatoka: utarudi na nani, kwa njia gani, na nani anajua ulipo. Mechi ikiisha usiku wa manane, ni salama zaidi kulala chumba cha dada mwenzako kwenye nyumba ileile kuliko kupita vichochoroni peke yako.

Na kama jambo baya limetokea, kosa si lako, hata kama ulikuja kwa hiari, hata kama ulikunywa. Nenda kituo cha afya haraka. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi inasaidia. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo hufanya kazi vizuri zaidi vikinywewa mapema, na visizidi siku 5. Ukiweza, usioge kwanza wala usifue nguo ulizovaa, maana ni ushahidi. Tanzania na Kenya kuna namba ya simu ya huduma kwa mtoto, 116, ambayo haitozi fedha. Haya yanawahusu wavulana pia, kwa sababu nao hutendewa.

HESABU YA USINGIZI

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Ukiwa umelala, ubongo unapanga na kuhifadhi ulichosoma mchana. Ukikatisha usingizi, unakatisha kuhifadhi.

Mechi za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya huchezwa zaidi Jumanne na Jumatano, katikati ya wiki ya shule. Nyingi huanza saa 3 usiku kwa saa za Ulaya ya kati. Kwetu hiyo ni saa 4 usiku, na Ulaya wakirudisha saa nyuma, kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi, ni saa 5 usiku. Mpira wa saa 5 unaisha karibu saa 7 usiku. Ongeza nusu saa ya mwili kupoa. Kama unaamka saa 11 alfajiri uwahi namba, umelala saa tatu na nusu. Kesho yake kuna jaribio la hesabu. Nani kafungwa hapo?

Mashindano yanayofanyika Amerika ni magumu zaidi. New York, wakati wa kiangazi chao, iko nyuma yetu kwa saa 7, na Los Angeles kwa saa 10. Mechi inayoanza saa 2 usiku Los Angeles, kwetu ni saa 12 asubuhi.

Huwezi kuangalia zote, basi chagueni. Chukueni ratiba ya mwezi, wekeni alama kwenye mechi moja au mbili kubwa za usiku, na nyingine sikilizeni matokeo asubuhi. Siku ya mechi mliyoichagua, laleni kidogo mchana kama nafasi ipo, malizeni kazi za shule kabla ya jioni, na muache vinywaji vyenye kafeini, maana vinakaa mwilini saa nyingi hata baada ya mpira kwisha. Asiyependa mpira, au mwenye mtihani, apewe haki yake: sauti ipunguzwe, au mwende kuangalia chumba kingine.

KWELI AU SI KWELI?

"Kahawa nyeusi inaondoa pombe." Si kweli. Ini ndilo linaloondoa pombe, na lina mwendo wake. Kahawa hukupa mlevi asiye na usingizi.

"Bia si kama pombe kali." Piga hesabu. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za pombe halisi. Toti ya mililita 30 ya pombe ya asilimia 40 ina mililita 12. Nani mkubwa?

"Nimeliwa mara sita mfululizo, ya saba lazima itiki." Si kweli. Sarafu haikumbuki, na mechi ya leo haijui kwamba jana uliliwa.

"Mwanamume halii kwa sababu ya mpira." Si kweli. Machozi ni njia mojawapo ya mwili kushusha msongo. Ni bora kuliko ngumi.

KIKAO CHA DAKIKA 10

Kabla ya mechi ijayo, kaeni wote mnaoishi pamoja. Andikeni kwenye karatasi na mbandike ukutani kando ya runinga:

1. Tunaangalia mechi ipi, na tunalala saa ngapi.
2. Kila mtu anachanga kiasi gani, na nani anatunza.
3. Fedha ya kodi na ya chakula haiguswi.
4. Nani ameshasema hanywi. Hatumsumbui.
5. Nani anapika, nani anaosha.
6. Jiko linakaa nje.
7. Wageni wanarudi na nani.
8. Baada ya filimbi, dakika 15 nje.

TUJADILIANE DARASANI AU KWENYE KLABU YA AFYA

1. Taja mambo matatu yanayotokea mwilini wakati wa penalti, na ueleze chanzo chake.
2. Mwenzenu amechezea fedha ya kodi na anaogopa kusema. Mtamsaidiaje bila kumfichia?
3. Kwa nini ni rahisi kusema "hapana" mchana kuliko usiku? Toa mfano ambao hauhusu mpira.
4. Fanyeni mazoezi kwa kuigiza: mmoja azungushe chupa, mwingine akatae bila kugombana. Badilishaneni nafasi.
5. Hesabu: rudia mkeka wetu ukitumia mechi nane. Nafasi ya kupatia zote ni 1 kati ya ngapi?

Jibu la swali la 5 ni 1 kati ya 256. Ukilipata mwenyewe kabla ya kusoma hapa, umeshaokoa fedha. Haya, ratiba unayo, kalamu unayo, na wenzako wako hapohapo. Iteni kikao kabla refa hajapuliza.